FAINI YA GARI LA MTU MWINGINE



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, dereva wa lori kwa miaka mingi, aliitwa ofisini akapewa habari kwamba mshahara wake utakatwa Sh. 10,000/-, nusu mwezi huo na nusu mwezi utakaofuata. Alielezwa kwamba imefika karatasi ya kosa la barabarani, nayo inasema lori lake lilionekana likienda kilomita 66 kwa saa mahali ambapo mwisho wa mwendo ni kilomita 50. Alipouliza ni siku gani na mahali gani, aliambiwa karatasi inasema yote, na ya kwamba kampuni haina wakati wa kubishana na Serikali. Akatia sahihi. Wengi wetu tungetia. Mtu ana watoto shuleni, kodi ya nyumba inamngoja, na barua ya onyo anajua inakompeleka.

Jina lake hatulitaji, wala la kampuni hatulitaji, kwa kuwa shauri lao halijaisha.

Mjumbe wetu wa kazini alipoisikia habari hii hakupiga kelele. Alikwenda kwa karani akaomba kuiona karatasi yenyewe. Ilikuwa ya kurasa mbili, na ule wa pili ulikuwa umekunjwa nyuma ya wa kwanza, na kwa jinsi ulivyokunjika mjumbe aliona wazi kwamba hapana mtu aliyekuwa ameufungua. Humo mlikuwa na picha. Ndani ya picha hamna lori. Mna pikapu nyeupe, ndogo, imebeba magunia mawili na baiskeli. Lori la mwenzetu ni la buluu, lina magurudumu kumi, na siku ile lilikuwa gereji bila gia boksi. Namba ya pikapu ile yatofautiana na namba ya lori kwa tarakimu moja tu, ya mwisho: pale penye 7, tope lilikuwa limefunika mstari wa juu, ikasomeka kama 1.

Basi kampuni ikaandika barua, na wale walioileta karatasi wakaifuta. Ilikuwa kazi ya siku chache. Lakini zile Sh. 5,000/- za kwanza, ambazo zilikwisha katwa, hazijarudi mfukoni mwa mwenzetu mpaka siku tunapoandika maneno haya. Ofisi ya mishahara yasema jambo hili lahitaji idhini ya mkubwa, naye mkubwa yuko safarini. Tunaona ajabu kwamba fedha za mfanyi kazi hutoka bila idhini ya mtu, na kurudi kwake kunahitaji sahihi tatu.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili la tope na tarakimu moja tumeliweka mbele katika gazeti letu, wakati ziko habari za nyongeza ya mishahara na za malipo ya uzeeni. Tumeliweka mbele kwa sababu litazidi. Zamani kosa la barabarani lilikuwa baina ya watu wawili: askari amesimama, dereva amesimama, gari liko hapo, kila mmoja anamwona mwenzake. Yaliyokuwa mabaya katika mambo hayo tunayajua na hatuyasifu. Lakini askari hakuweza kulisimamisha lori la buluu akaandika kwamba ni pikapu. Siku hizi kamera inaweza kuona namba, mashine ikaisoma namba hiyo, mashine nyingine ikaitafuta katika daftari la wenye magari, na karatasi au ujumbe wa simu ukamwendea mtu ambaye jina lake limeandikwa humo. Katika safari hiyo yote hapana mtu aliyeliona gari kwa macho yake. Ikiwa namba imesomwa vibaya mwanzoni, kila mashine inayofuata hulipokea kosa lile kama kweli na kulipitisha mbele.

Haya si mambo ya kwetu peke yetu. Mwaka 2021 huko Uingereza, katika mji wa Bath, mwanamke mmoja alikuwa akienda kwa miguu katika njia iliyowekwa kwa mabasi. Fulana yake ilikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya mfumaji, na mkanda wa mkoba ulipita juu ya maandishi yale. Kamera ikayasoma maandishi ya fulana kama namba ya gari, na karatasi ya adhabu ikatumwa kwa mtu mwenye gari lenye namba iliyofanana na neno hilo, ambaye alikuwa akikaa katika jimbo la Surrey, zaidi ya maili 100 kutoka hapo. Yule bwana na mkewe walipoitazama picha waliona mwanamke anatembea. Walipiga simu, yakaisha kwa kicheko. Tunawaomba wanachama waliangalie neno hili vizuri: yalikwisha kwa kicheko kwa sababu karatasi ilimfikia mwenye gari mwenyewe, na picha ilikuwa mikononi mwake. Kama karatasi ile ingelifika ofisi ya kampuni, na kampuni ikamkata dereva, hapangekuwa na mtu wa kucheka.

Huko Marekani nako, mwaka 1979, mtu mmoja wa Los Angeles alijaza fomu ya kuomba namba ya kujichagulia. Alipewa nafasi ya kuandika majina matatu. Mawili ya kwanza yalihusu mambo ya mashua. Katika nafasi ya tatu akaandika NO PLATE, yaani kama hayo mawili hayapatikani basi hataki namba ya namna hiyo. Ofisi ikampelekea kibao chenye maneno hayo hayo. Kumbe askari wa California, walipokuta gari limeachwa mahali pasiporuhusiwa nalo halina kibao cha namba, huandika katika karatasi maneno hayo, NO PLATE. Mashine zikampata mwenyewe. Alipokea karatasi kama 2,500 za magari ambayo hakuwahi kuyaona. Na mtu asidhani kwamba mashine za siku hizi zimeerevuka: mwaka 2019 mtu mwingine wa jimbo hilo hilo, ambaye alichukua namba NULL, neno ambalo kompyuta hulitumia kuonyesha kwamba mahali fulani hapajaandikwa kitu, alieleza hadharani jinsi alivyodaiwa zaidi ya dola 12,000 kwa makosa ya magari ya watu wengine.

Tukirudi kwetu. Hapa Kenya ziko kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, zilizotungwa chini ya Sheria ya Trafiki. Kanuni hizo ziliweka adhabu kwa kadiri: mtu akizidisha mwendo kwa kilomita 6 mpaka 10, Sh. 500/-, kwa kilomita 11 mpaka 15, Sh. 3,000/-, kwa kilomita 16 mpaka 20, Sh. 10,000/-. Anayekubali kosa aweza kulipa bila kufika kortini. Asiyekubali ana haki ya kwenda mbele ya hakimu, naye mshitaki ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yasema wazi kwamba kila mshitakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine, na ya kwamba aelezwe shitaka lake kwa maneno ya kutosha ili aweze kujibu.

Sasa tazameni yanayotendeka katika makampuni. Haki hiyo ya kukataa na kwenda kwa hakimu hushikwa na yule ambaye karatasi imemfikia, naye ni mwenye gari. Ushahidi wote uko kwake pia. Ile traka iliyofungwa ndani ya lori, ambayo yaonyesha kila dakika lori lilipo na mwendo wake, hutazamwa ofisini, wala si kwa dereva. Daftari la gereji liko ofisini. Karatasi za mzigo ziko ofisini. Lakini atakayelipa ni dereva, ambaye hana hata kimoja cha vitu hivyo. Mwenye kuujua ukweli halipi, na mwenye kulipa haonyeshwi. Katika mambo ya namna hiyo mwajiri hana sababu ya kufungua ukurasa wa pili. Kwake ni rahisi zaidi kumwambia karani akate. Hatusemi kwamba waajiri wote ni watu wabaya. Wako waliotupigia simu wenyewe kutuuliza maoni yetu. Tunasema kwamba mambo yamepangwa hivi hata mwajiri mwema akiwa na haraka atamdhulumu mtu bila kujua.

Na liko jambo la trela, ambalo watu wa ofisini husahau na sisi wa barabara ndefu hatuwezi kulisahau. Trela ina namba yake yenyewe, yenye kuanza na herufi Z, na kichwa cha lori kina namba yake mbali. Kamera ikipiga picha kutoka nyuma yaona namba ya trela. Kila dereva wa Mombasa ajua jinsi trela zinavyobadilishwa: leo umeivuta wewe mpaka yadi ya Nairobi, umeifungua na kuiacha, usiku kichwa kingine kimeichukua kuipeleka Malaba, pengine kichwa cha tajiri mwingine aliyeikodi. Wiki tatu baadaye inakuja karatasi. Karani anatazama katika daftari lake, anaona trela ile iliandikwa kwa jina lako mwezi ule, naye anadhani kazi yake imekwisha. Hapo namba imesomwa sawa, trela ni yenyewe, picha haina tope, na bado dereva anayekatwa ni mtu ambaye usiku ule alikuwa amelala kwake. Sisi twaona kwamba huko kwenye trela ndiko watu wengi zaidi wanakoonewa, kuliko kwenye namba zilizosomwa vibaya, kwa sababu picha haimsaidii mtu.

Ziko pia namba za kughushi, mtu mwovu kutengeneza kibao chenye namba ya gari lako na kukifunga katika lake. Vibao vipya vilivyoanza kutolewa mwaka 2022 viliwekewa alama za siri ili kuzuia hayo. Tunavipokea kwa furaha, lakini magari mengi yangali yanakwenda na vibao vya zamani, na kamera haisomi alama za siri.

Baadhi ya wanachama, na hata wazee wetu wawili wa tawi, walituambia kwamba ni heri kulipa ile mia tano yaishe, kuliko kufungua vita na mwajiri kwa ajili ya kitu kidogo. Twawaheshimu, lakini katika hili hatukubaliani nao. Kwanza si mia tano kila mara. Pili, anayelipa amekubali kosa, na katika makampuni mengi kosa lililokubaliwa hufuatwa na barua ya onyo katika faili. Barua hizo hukaa kimya. Zikiwa mbili au tatu, siku kampuni inapotafuta watu wa kupunguza, faili hufunguliwa, na dereva aliyelipa ili apate amani anaonekana katika karatasi kuwa dereva mbaya kuliko yule aliyekataa. Tumeyaona haya. Na kisha, mwenye pikapu nyeupe bado yuko barabarani na mwendo wake ule ule. Faini yake ililipwa na mtu mwingine, basi yeye atajifunzaje?

Polisi wa Ireland walipatwa na jambo la namna hii kwa upande wa pili. Walikuwa wamemwandika dereva mmoja, Prawo Jazdy, zaidi ya mara 50 kwa anwani mbalimbali, na kila mara alitoa anwani nyingine. Mwaka 2009 ikajulikana kwa watu wote kwamba mtu huyo hakuwako: maneno yale mawili ni Kipolandi, maana yake leseni ya udereva, na yameandikwa juu ya kila leseni ya Poland. Askari walikuwa wakinakili kichwa cha karatasi badala ya jina. Kila mmoja wa madereva wale wa kweli alikwenda zake na makosa yake hayakujumlishwa.

Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba Chama kinawatetea wenye kwenda mbio. Lori la tani 28 likipita sokoni kwa kasi si jambo la kutetewa, na kama picha ni yako, na siku ni yako, na usukani ulikuwa mikononi mwako, usije katika ofisi ya Chama na hadithi ya tope. Mjumbe atakuuliza maswali yale yale tunayotaka mwajiri aulize.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imetaja ni fedha gani mwajiri aweza kukata katika mshahara. Humo yako mambo ya kodi na michango ya uzeeni, na siku ambazo mtu hakufika kazini bila ruhusa, na mali ya mwajiri iliyoharibika au kupotea kwa sababu mfanyi kazi alikusudia kutofanya wajibu wake, na mengineyo. Sisi hatuoni mahali palipoandikwa kwamba mwajiri aweza kumkata mtu faini ya pikapu ya jirani. Waajiri wengine hutujibu kwamba sheria yawaruhusu kukata mpaka theluthi mbili za mshahara. Wameusoma mstari huo kwa pupa. Theluthi mbili ni ukingo wa jumla ya makato yote yaliyo halali. Haligeuzi kato la haramu kuwa la halali. Na mwajiri akitaka kumfukuza mtu kwa sababu ya karatasi kama hiyo, kifungu cha 41 kimemlazimu kwanza kumweleza sababu kwa lugha aifahamuyo, na kumsikiliza mbele ya mfanyi kazi mwenzake au mjumbe wa Chama aliyemchagua mwenyewe.

Tunachotaka kwa waajiri hakina gharama. Karatasi ikifika, dereva apewe nakala ya kurasa zote, pamoja na picha ikiwako, kabla ya kuulizwa neno lo lote. Ofisi itazame traka ya saa ile na siku ile, na kama ni trela itazame ni kichwa gani kilichokuwa kinaivuta. Dereva akikana, karatasi ijibiwe kwa maandishi na mwenye gari, kwa kuwa yeye ndiye iliyemfikia. Na mpaka jibu lirudi, mshahara usiguswe. Tumekwisha waandikia waajiri watatu tulio na mapatano nao tukiomba maneno haya yaingizwe katika mapatano yajayo. Mmoja amekubali tukutane. Wengine hawajajibu.

Na ninyi madereva, fanyeni lililo katika uwezo wenu. Nunueni daftari dogo, la kutia mfukoni, mwandike kila siku namba ya kichwa, namba ya trela, mahali mlipoichukua na saa, mahali mlipoiacha na saa, na jina la aliyeipokea. Mwanachama mmoja alituambia simu yake yakumbuka yote hayo. Simu huibwa, nayo huanguka ndani ya maji. Mkipewa karatasi kwenye mizani ya Mariakani au Mlolongo au Gilgil, msiitupe; ina saa, na saa hiyo hapana mwajiri awezaye kuibisha. Risiti ya mafuta vilevile, na karatasi ya lango la bandari. Ziwekeni kwa muda wa miezi sita. Mkiacha trela yadini, ipigeni picha pamoja na mlinzi wa lango, kama akikubali. Na kabla ya kuondoka asubuhi futeni vibao vya namba, mbele na nyuma, kwa kitambaa cha maji. Ni kazi ya dakika moja, na ni sheria vilevile namba isomeke.

Karatasi ya makato ikiletwa mbele yako ukaambiwa utie sahihi, sema kwa adabu kwamba unaomba nakala upate kuisoma, na umwite mjumbe. Ukilazimishwa, andika juu ya sahihi yako maneno haya: SIKUBALI KOSA. Hayo maneno mawili yametusaidia katika mashauri zaidi ya moja.

Wanachama wote waliokatwa mshahara kwa ajili ya faini za barabarani tangu Januari, iwe kwa haki au si kwa haki, walete hati zao za mshahara katika ofisi ya tawi kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Katibu atakuwako kila Jumamosi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Asiyeweza kufika ampe mjumbe wake nakala, wala asimpe ile ya asili. Shauri la zile Sh. 5,000/- za mwenzetu litaletwa mkutanoni siku hiyo hiyo, na meneja wake amealikwa kwa barua.